Ukiwa na Pesa ya Safari Moja ya Fahari, Nenda Dublin

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mwakani natimiza miaka arobaini na nimejiwekea akiba. Nataka mji wa Ulaya, hoteli ya maana, sanaa na historia. Wakala ananiambia Dublin hakuna kitu zaidi ya baa. Ni kweli?"

Mdogo wangu, si kweli. Na mimi niliambiwa hayo hayo, tena na mtu niliyekuwa namlipa. Kila nikitaja Dublin, mji mkuu wa Ireland, ananifungulia picha za maduka ya Dubai, kana kwamba mwanamke wa Dar es Salaam akitaka fahari basi anatafuta dhahabu na mikoba tu. Iliniuma, na bado inaniuma. Nikaipanga safari mwenyewe.

Viza kwanza. Ireland haimo kwenye Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Ufaransa haikufikishi. Mtanzania au Mkenya anaomba viza ya Ireland yenyewe. Anza mapema.

Nilifikia Shelbourne, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1824, ikitazamana na bustani ya St Stephen's Green. Mashuka ni mazuri, chai ya alasiri ni nzuri, lakini nililipia zaidi ya hayo. Katiba ya Dola Huru ya Ireland iliandaliwa humo mwaka 1922, katika chumba namba 112. Miaka sita kabla yake, kwenye Maasi ya Pasaka, askari wa Kiingereza walijipanga hotelini humo wakawamiminia risasi wapigania uhuru waliochimba mahandaki bustanini. Vuka barabara utazame tao la mawe kwenye lango la bustani: alama za risasi bado zipo. Ukilipa fedha nyingi kulala mahali, lala mahali penye habari.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Jumba la Taifa la Sanaa, na mkusanyo wake unautazama bure. Humo imo kazi ya Caravaggio, mchoraji wa Italia: picha ya mwaka 1602 ya Yesu akikamatwa, iliyokuwa ikining'inia katika chumba cha kulia cha mapadre Wajesuiti hapo hapo Dublin, hakuna aliyejua ni kazi yake, hadi ilipotambuliwa miaka ya 1990. Ipe muda. Mkono wa askari umevikwa chuma cheusi kinachong'aa katikati ya giza, Yuda amemng'ang'ania Yesu begani, na Yesu ameinamisha macho tu, vidole vyake vimefumana.

Halafu uliza saa za kuiona picha ya Hellelil na Hildebrand, kazi ya Frederic William Burton ya mwaka 1864. Imechorwa kwa rangi za maji, mwanga unaiharibu, kwa hiyo hufunguliwa saa chache tu kwa wiki. Wapenzi wawili wanaagana kwenye ngazi za mnara. Bwana ameukumbatia mkono wa bibie, bibie amegeuzia uso ukutani, na chini kwenye ngazi kuna petali zilizodondoka. Nilisimama pale machozi yakinitoka, wala sikuyafuta.

Makumbusho ya Chester Beatty nayo ni bure, ndani ya viwanja vya Dublin Castle, ngome ambamo Waingereza waliitawalia Ireland. Misahafu yake ina dhahabu na buluu ambayo haijafifia, na jumba hilo ndilo linalohifadhi Kurani aliyoinakili Ibn al-Bawwab huko Baghdad kama mwaka 1000. Beatty mwenyewe, aliyeukusanya mkusanyo huo, alikuwa tajiri wa migodi, na sehemu ya utajiri wake ilitokana na shaba ya nchi tunayoiita Zambia leo. Kwa hiyo ingia kifua mbele. Mkono wa Afrika umo katika jumba lile.

Umeona basi: sanaa bora haikugharimu kiingilio. Pesa yako ipeleke kwenye hoteli ya katikati ya mji na kwenye mwongozaji wa peke yako anayeijua historia. Narudia, mwongozaji. Tulio na uwezo wa kusafiri tuache kupiga picha mlangoni na kuondoka. Nchi za watu zina makaburi, tuyasome.

Gereza la Kilmainham linatembelewa kwa kuongozwa tu, na tiketi huisha mapema. Utasimama uani walikopigwa risasi viongozi 14 wa Maasi ya Pasaka ya mwaka 1916. Kisha nenda makaburi ya Glasnevin, kwa Roger Casement, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Kongo. Ripoti yake ya mwaka 1904 ndiyo iliyoanika ukatili wa kuvunisha watu utomvu wa mpira katika Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Waingereza walimnyonga London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kutafuta silaha za Wajerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1965. Mwongozaji wangu alinisimulia habari zake pale pale kaburini, bila haraka. Hapo ndipo pesa yangu ya ziada ilipokwenda, na ningeilipa tena.