Re: IR: nianze Seattle Desemba hii au niende Arizona?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: una PPL (leseni ya rubani binafsi) ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), saa 30 za safari ndefu kama PIC (rubani mkuu wa ndege), na hujui uanze lini na wapi mafunzo ya IR (kibali cha kuruka kwa ala, bila kutegemea kuona nje).

Angalia saa kwanza. Kwa Part 61 (kanuni za FAA za kujifunza bila mtaala rasmi wa shule) unatakiwa saa 50 za safari kama PIC, na kila safari utue uwanja ulio zaidi ya maili 50 za baharini kutoka ulikoanzia. Part 141 (shule zenye mtaala ulioidhinishwa na FAA) haidai hizo 50. Ukibaki Part 61, vaa kofia ya kukuzuia kuona nje, ruka na rubani wa usalama (anayekuangalizia nje) mwenye PPL na cheti cha afya kilicho hai: saa hizohizo zinaingia kwenye zile 50 za safari na kwenye saa 40 za kuruka kwa ala zinazotakiwa pia. Ila 15 kati ya hizo 40 lazima uwe na mwalimu wa ala.

Seattle Desemba ina mawingu tele, lakini yana barafu, na Cessna 172 ya shule haina kinga ya barafu kwenye mbawa. Utalipia kukaa chini bila kuruka. Arizona utaruka kila siku, ila wingu lenyewe huenda usiliguse. Mimi ningechagua pwani ya kusini mwa California, Mei na Juni: asubuhi wingu la bahari ni jembamba, tulivu, halina barafu, na juu yake kweupe. Waulize wenye shule kama wanaruhusu wanafunzi kuingia mawinguni. Shule nyingine hukataa!

Kama si raia wa Marekani, kibali cha TSA (idara ya usalama wa usafiri ya Marekani) kitangulie somo la kwanza. Matokeo ya mtihani wa nadharia hudumu miezi 24, kwa hiyo usiufanye mapema mno.