Si uzembe, ni matamshi ya lugha yao

Je, wanafunzi Wachina wanaojifunza Kiingereza huchanganya "he" na "she" kwa uzembe? Hapana, kuchanganya huko si dalili ya uzembe, kwa kuwa katika Kichina sanifu viwakilishi vyote viwili hutamkwa tā na tofauti huonekana katika maandishi tu, ambako 他 ni wa kiume na 她 ni wa kike. Tena hiyo alama ya kike ilienea kwa maana hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kujaza mapengo ya zoezi la sarufi bila kosa, kisha akateleza mara tu anapoanza kuzungumza kwa haraka. Na sisi wenye "yeye" mmoja hatuna haki ya kumcheka. Kwa hiyo zoezi linalofaa zaidi ni kusoma kisa kifupi chenye mwanamume na mwanamke, kisha kukisimulia kwa sauti. Kosa la kusema "yesterday I go" lina chanzo kingine: kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati, na kijineno le huonyesha kukamilika kwa tendo, si wakati uliopita.