Kabla hujamuuliza mgonjwa wa TB anahitaji nini

Ninyi mliojiunga juzi na timu ya kukusanya takwimu hapa Dodoma, mtakaopangwa Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, hamwendi kuhesabu waliopona. Hilo limo kwenye rejista ya kliniki. Mnakwenda kupima kile mgonjwa alichokihitaji akiwa kwenye dawa na hakukipata.

Jibu mtakalolisikia kuliko yote ni "sina shida, mwanangu." Msiliandike haraka. Mzee mwenye adabu zake hamlalamikii mgeni, tena mgeni aliyeletwa na nesi anayempa dawa. Msalimie, kaa naye mbali na dirisha la dawa, nesi asiwepo, kisha uliza mambo ya karibuni: mara ya mwisho ulifikaje kliniki? Nauli ilitoka wapi? Kibarua cha siku hiyo kilikuwaje? Dawa za TB nchini hutolewa bure, na wengi wetu tunaridhika hapo. Bodaboda, chakula na siku ya kazi iliyopotea mgonjwa anajilipia, na Shirika la Afya Duniani huona gharama zimeifilisi kaya zikifika asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka.

Dodoso letu limefuata mpangilio wa lile la Australia la wagonjwa wa saratani, lenye maswali 34. Kila swali hujibiwa kwa namba, moja hadi tano. Moja ni "sikuwa na hitaji hili", mbili ni "nilikuwa nalo, likatimizwa", tatu hadi tano ni hitaji ambalo bado lipo, dogo, la wastani au kubwa. Wageni wengi huchanganya moja na mbili kwa sababu zote zinasikika kama "hakuna tatizo". Naomba sana mzitenganishe. Mbili maana yake kuna mtu alisaidia: dada yake, jirani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukiiandika moja, mratibu wa TB wa wilaya ataona hitaji halipo, na mhudumu yule anaweza kuondolewa kijijini.

Andikeni pia mwezi wa matibabu na tarehe. Katika miezi miwili ya mwanzo, ya dawa nne, mtu anahangaishwa na kichefuchefu, au na mkojo wa rangi ya chungwa ambao hakuna aliyemwambia unatokana na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo. Akifika miezi minne inayofuata, ya dawa mbili, hamu ya kula imerudi. Kwetu mvua ni msimu mmoja; ukimkuta Februari ghala limekauka na uwele uko shambani bado, hitaji lake la chakula si lile la Julai baada ya mavuno.

Maswali ya ndoa yaulizwe na mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Kuhusu kutengwa, uliza anakula na nani na kikombe chake kinawekwa wapi. TB huenea kwa hewa, wala haipiti kwenye vyombo, na kwa kawaida baada ya kama wiki mbili za dawa zinazomfaa mgonjwa haambukizi tena. Hata hivyo wapo wanaokula peke yao hadi mwezi wa sita. Inaniuma kila ninapoyasikia.

Na mtu akikwambia ameacha dawa, funga dodoso. Muombe ruhusa, mpigie simu mratibu siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa amekaa hapo anasikia unachosema.