Spea za Magari ya Zamani: Fundi Anajibu

Land Rover Series III yangu ya petroli huzimika ikipata moto, ikipoa inawaka. Mwaka huu nimefunga rota na kondensa mpya mara tatu. Je, distributa imekufa? (Msomaji, Moshi)

Kabla hujaigusa distributa, yaani kigawa umeme wa plagi, zishuku hizo spea mpya. Series III ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, na rota na kondensa nyingi za madukani leo ni kazi ya kulipua. Ishike rota, kile kidude kinachozunguka ndani ya distributa, uitazame juu. Ukiona ripiti inayobana kile kibati cha shaba, hapo ndipo umeme hutoboa plastiki ukakimbilia kwenye shafti, plagi zikakosa moto. Wenye magari haya Uingereza waliteseka hivyohivyo hadi zikatengenezwa rota nyekundu zisizo na ripiti. Agiza mbili, moja ikae ndani ya gari.

Kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisitoe cheche kubwa, ina dalili yake. Gari likishaanza kukohoa, subiri giza, fungua kifuniko cha distributa, mwenzako apige stata nawe utazame pointi, zile swichi ndogo zinazokata na kuunga umeme. Cheche ndogo ya bluu si neno. Ikiwa kubwa, ya manjano, inayolia ta-ta-ta, kondensa imekwisha. Wiki iliyopita nilipasua mbili zilizotoka boksi jipya: ndani waya umeegemezwa tu, haukuchomelewa. Joto likipanda, unaachia. Kama ile iliyokuja na gari ilikuwa nzima ulipoitoa, irudishe leo. Tatizo likibaki, jaribu koili nyingine, ile inayokuza umeme wa plagi. Nayo huchoka ikipata moto.

Shikamoo fundi. Duka la zamani hapa Mombasa linafungwa, nimeona mipira ya breki ya Peugeot 504, orijino kabisa, boksi halijafunguliwa, ya miaka ya 80. Ninunue?

Marahaba mwanangu. Mipira usiinunue. Mpira huzeeka hata ukikaa kwenye rafu bila kuguswa, na breki haina msamaha. Ukitaka kujua umri wa tairi, soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira mdogo wa breki mara nyingi hauna alama hiyo. Ukiukunja kwa kidole gumba utaona nyufa nyembamba kama nywele.

Lakini usitoke dukani mikono mitupu! Pikapu za 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza zile za saluni mwaka 1983, kwa hiyo vyuma vizuri bado vimo kwenye rafu kama hizo. Chukua beringi, gia za difu, masta silinda. Silinda iliyolika ndani ipeleke kwa fundi wa kukereza aivike shaba au chuma kisichoshika kutu, kisha uweke mipira mipya.

Kwa nini hata spea za bei mbaya hazidumu?

Si zote ni feki. Kiwanda cha asili kilifunga, kalibu zikachakaa au zikayeyushwa. Anayekuja nyuma hana mchoro, anapima spea iliyokwisha kulika na kuiiga. Mwingine anaiga ile ya kuigwa. Kila hatua hupotea unywele, na bushi iliyopungua nywele tatu inagonga. Ndiyo maana nawaheshimu sana kampuni ya British Motor Heritage ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1975: bodi zao za gari la MGB zinapigwa kwa kalibu za asili. Wewe nenda dukani na vernia, kile kipimo cha unene, na spea yako ya zamani mkononi.

Zile mashine za 3D za kuchapisha vitu zinaweza kutuokoa?

Kwa kiasi. Porsche wanachapisha kwa chuma wenzo wa kuachia klachi wa 959, gari lililotengenezwa 292 tu. Kwetu, kitasa cha plastiki au kibanio, sawa. Cha usukani au breki, hapana.

Marehemu baba ameacha 504 uani, haijawaka miaka mingi. Mnunuzi wa chuma chakavu anakuja Jumamosi. Nimwachie? (Msomaji, Nakuru)

Pole kwa msiba. Usimwachie bado. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8 kutoka nje, kwa hiyo 504 nyingine ya kuchinja haitakuja kwa meli. Fungua difu, gia boksi, kabureta, distributa, taa na vitasa, vipake grisi, uvifunge kwenye gunia kavu. Mwambie mnunuzi aje Jumamosi ya pili, achukue bodi.