Faili Zilezile 63

SWALI

Fundi, salaam. Kila Jumamosi usiku nachomeka diski ya nje ya terabaiti 1 na kuiacha programu inakili faili zangu hadi asubuhi. Mwezi wa tatu sasa naamkia ujumbe uleule: kazi imekamilika, lakini faili 63 hazikunakiliwa. Nimebadilisha waya, nimehamia tundu jingine la USB, nimeifuta programu na kuiweka upya. Bado 63. Nafasi ipo tele, zaidi ya nusu ya diski ni tupu. Diski yenyewe aliniachia mdogo wangu, alikuwa akiitumia kwenye televisheni. Baba watoto anasema imekufa, ninunue nyingine. Mimi naiona nzima. Nani kati yetu yuko sahihi? Nakutumia ripoti mbili za programu, ingawa mwenyewe sikuambulia kitu. – Mama Mapacha

JIBU

Mama Mapacha, ahsante kwa hizo ripoti. Wengi huniandikia "bakapu imegoma" wakaishia hapo, nami nabaki kupiga ramli.

Kilichonivutia kwanza ni hiyo 63. Diski ya nje ikiwa mbovu, au waya ukiwa umelegea, hesabu hucheza: wiki hii faili 10, wiki ijayo 400, siku nyingine programu inakatika njiani. Yako imesimama palepale. Nimezipanga ripoti zako mbili ubavuni, na faili ni zilezile jina kwa jina. Kwa hiyo tatizo linatokana na faili zenyewe, na sababu si moja. Nimezihesabu, nikapata mafungu manne.

Fungu kubwa ni faili 44 za ile folda ya picha za simu. Humo kuna "Picha za simu", ndani yake "Nakala ya picha za simu", ndani yake "Nakala mpya ya picha za simu ya zamani", na safari bado inaendelea. Programu nyingi za Windows hukubali njia ya faili isiyozidi herufi 260, ukihesabu kila folda tangu herufi ya diski hadi jina la mwisho. Kwenye kompyuta yako faili hizo zimepita chupuchupu. Zikienda kwenye diski ya nje, programu inaongeza mbele yake folda yenye jina la kompyuta na tarehe, basi zinavuka mpaka. Zitoe huko shimoni, ziweke kwenye folda moja yenye jina fupi. Dakika 10 zinatosha.

Faili 12 zina msimbo 0x80070020. Maana yake ni kwamba kuna programu nyingine iliyozishika. Ni za barua pepe na za ile programu yako ya hesabu, na nina hakika huwa unaziacha wazi usiku kucha. Zifunge kabla ya kulala. Tazama pia vialama vidogo karibu na saa, maana programu ya barua hupenda kujificha pale hata ukidhani umeifunga.

Tano ni video, na yenye ukubwa mdogo kuliko zote ni gigabaiti 4.6. Hapa ndipo ile habari ya televisheni inapotusaidia. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski ya nje, fungua sifa zake, usome mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga faili zake. Nabashiri utakuta FAT32, mfumo ambao televisheni nyingi huusoma. Mfumo huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata diski ikiwa tupu kabisa. Dawa ni kuhamia NTFS au exFAT, lakini tafadhali usiguse kitu bado. Soma kwanza fungu la nne.

Fungu la nne ni picha mbili tu, na ndizo zilizonifanya niweke chai chini. Msimbo wake ni 0x80070017. Hapa Windows inalalamika kwamba ilijaribu kusoma data, ikakuta haisomeki sawasawa. Faili inaponakiliwa, inasomwa kutoka diski ya ndani ya kompyuta yako. Chomoa diski ya nje kabisa, kisha zifungue picha hizo mbili. Ikiwa picha itajichora hadi nusu na sehemu ya chini ikabaki kijivu, au kompyuta ikaganda kidogo kabla ya kukataa, basi mgonjwa ni diski ya ndani. Ile ya nje haina kosa.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu akikwambia endesha ukaguzi wa diski, yaani ile amri ya chkdsk, mwambie baadaye. Amri hiyo hurekebisha mpangilio wa faili, haikuwekwa kwa ajili ya kuokoa picha. Ukiiongezea /r inapekua diski nzima kipande kwa kipande, na diski inayochechemea inaweza kuzimikia katikati ya kazi hiyo. Kwanza okoa vitu. Anza na visivyopatikana tena: picha, nyaraka, hesabu. Muziki na programu vitasubiri. Ukisikia mlio wa tik-tik kutoka ndani, zima kompyuta usiendelee kujaribu, umpelekee mtu anayeokoa data.

Zile picha mbili zitafute pia kwenye nakala zako za zamani, zilizonakiliwa kabla ya mambo haya kuanza. Huenda ziko huko zikiwa nzima. Ndiyo maana nakuomba uangalie kwenye mipangilio kama programu yako inafuta nakala za nyuma au inafanya diski ya nje ifanane kabisa na kompyuta. Kama ni hivyo, zima kipengele hicho usiku huuhuu. Faili ikipotea kwenye kompyuta, programu ya namna hiyo itaifuta na kwenye nakala, kwa utiifu mkubwa.

Nikirudi kwenye ubishi wenu: Baba Mapacha amekosea sababu, lakini diski mpya kweli inunuliwe. Ile ya nje ndiyo yenye nakala pekee ya vitu vyako, na huwezi kuibadilisha mfumo huku diski ya ndani inatikisika. Nunua nyingine, ifomati kwa NTFS kabla haijapokea kitu, unakili kila kitu huko. Ndipo ile ya zamani uibadilishe kwa amri ya convert, ambayo haifuti faili, na ubaki na nakala mbili. Diski ya ndani mwachie fundi aipime na kuibadilisha.

Ukimaliza, chomeka diski mpya kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufungue faili tano sita kwa macho yako. Mimi nilikuwa nikiona tiki ya kijani kwa miezi minane. Kompyuta ilipokufa nikafungua diski, nikakuta folda ya kazi imejaa majina ninayoyajua, na kila moja ina kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Faili zote zilikuwa na kilobaiti 1 au 2. Nilikuwa nimenakili njia za mkato za kwenye eneokazi, zinazoelekeza tu faili iliko, kwa bidii, kila Ijumaa.

Ripoti ya Jumamosi ijayo nitumie. Zile 44 na zile 12 zikiwa hazimo, na video tano zimepita kwenye diski mpya, tutabaki na mbili, na hizo nataka kujua kama ulizikuta kwenye nakala ya zamani.