Mnataka kujenga reli ya moduli kwa kundi? Anzeni na zile ncha

Kila anayejiunga na kundi letu la treni ndogo anakuja na mawazo ya milima. Ana picha za daraja, ana miti ameshaanza kuitengeneza, yaani hamu imempanda kweli, na mi namuelewa kabisa maana nilianza hivo hivo. Ila ushauri wangu uko palepale, milima isubiri, we anza na zile mbao mbili za mwisho, ya upande huu na ya upande ule, kwa sababu katikati ya moduli, yaani kile kipande cha reli juu ya ubao unachojenga mwenyewe ili kiunganishwe na vya wenzio, ni kwako, pamba unavotaka, lakini ncha ni mali ya kundi zima.

Sisi tunatumia skeli ya H0, yaani 1:87, upana wa reli milimita 16.5. Kwa skeli hiyo behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 23 hivi, na kilomita moja inakula mita 11 na nusu, sasa nani ana chumba cha kuweka kilomita 5? Ndo maana watu wanaunganisha. Na msijitungie vipimo, vipo tayari. FREMO, chama cha Ulaya cha wapenda treni ndogo kilichoanza 1981, juu ya reli hadi sakafuni ni milimita 1300, Free-mo ya Marekani ni inchi 50 ambayo ni kama sentimita 127. Chagueni kimoja mbaki nacho, msichanganye. Alafu tengenezeni kigezo kimoja cha kutobolea matundu ya bolti na kila mtu atumie hichohicho, tusiseme "nimepima kwa rula iko sawa". Reli ifike mwisho wa ubao ikiwa imenyooka, sentimita kama 10 za mwisho pasiwe na kona wala mwinuko. Miguu iwekee skrubu za kupandisha na kushusha, sakafu za kumbi hazijawahi kuwa sawa hata siku moja.

Sasa umeme, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri.

Kuna siku tulikuwa na moduli karibu 30 ukumbini, zote zimeshafungwa, tukawasha, shoti. Busta, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli, inakata, inarudi, inakata tena. Tulitafuta saa tatu nzima, watu chini ya meza na tochi, mwisho tukagundua ni moduli moja mpya, mwenyewe alikuwa amelehemu waya za upande mmoja kinyume, wa kulia kwenye kushoto. Cha kuuma ni kwamba nyumbani aliijaribu na kichwa cha treni kilitembea vizuri bila kosa lolote, na lazima kitembee, kwa mfumo wa DCC, yaani ule wa kuendesha treni kwa ishara za kidijitali zinazopita kwenye reli, kichwa hakijali waya upi ni upi. Kosa la aina hiyo halionekani mpaka moduli ikutane na jirani yake! Tokea siku hiyo hatufungi zote kwa mpigo. Tunaanza katikati, kwenye stesheni kubwa au pale njia zinapogawanyika, tunaenda nje pande zote, kila zikifika moduli tano tunawasha, kichwa kinapita kwenda na kurudi, ndo tunaendelea. Inaonekana inachelewesha, aisee haicheleweshi.

Kingine, chukua sarafu uiweke juu ya reli mbili pale mbali kabisa na busta. Busta ikate palepale. Kama haikati, waya zako ni nyembamba au kuna kiungo kimelegea, na huo umeme wote unapita bila kuzuiwa unaweza kuyeyusha behewa la mtu. Rudia kila baada ya mita chache. Waya kuu ziwe nene, sisi tunatumia za milimita za mraba 2.5, na kila kipande cha reli kiwe na waya wake wa kushuka chini, usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme.

Mchoro wa ukumbi chora mapema, acha njia ya watu kupita, mita moja na zaidi, maana mtu mwenye kontrola mkononi anatembea na treni yake anaangalia treni tu, haangalii kiwiko cha mwenzie.

Kuendesha nako msizunguke tu. Gawaneni kazi, mmoja aratibu ratiba, wengine wawe mastesheni masta, kila behewa liwe na kadi yake ya mzigo inayosema linatoka wapi linaenda wapi. Tunatumia pia saa inayokimbia mara nne, saa moja inaisha kwa dakika 15. Mara ya kwanza wekeni treni tatu tu, mkizoea ongezeni. Mi bado moyo unadunda nikiwa nasubiri treni ya mizigo kwenye kastesheni kangu, nasikia stesheni ya jirani inaniuliza kama njia iko wazi, najibu iko wazi, alafu dakika mbili baadae nakiona kichwa kinajitokeza kwenye kona ya moduli ambayo hata sijui nani aliijenga.

Kwenye kufungua, umeme uzimwe kwanza na mabehewa yote yawe kwenye maboksi ndo mtu aguse bolti. Na ncha zile zifunikwe na kipande cha plaiwudi kabla hazijapanda gari, reli iliyopinda pale mwishoni ni usiku mzima wa kulehemu upya.