Miluzi ya redio kwenye kaseti, niifute au niiache?

SWALI: Habari mhariri. Nna kaseti kibao nilizorekodi redioni zamani, taarifa za habari, salamu za wasikilizaji, matangazo, na katikati ile shwaaa ya kutafuta stesheni. Nimeziingiza kwenye kompyuta nataka nitunge muziki wa kielektroakustika, ule wa kuchezea sauti zilizorekodiwa kwa mashine, ila kila nikiunga vipande nasikia redio iliyochanganyikiwa tu. Nikaondoa kelele zote kwa programu, sasa watangazaji wanaongea kama wako ndani ya ndoo. Nakosea wapi? Na nikishakatakata hivo, bado ni mali ya kituo?

JIBU: Hapo kwenye kufuta ndo umejiharibia, ndugu yangu. Hiyo shwaaa ndo mali yenyewe! Redio ya masafa ya kati haibebi sauti nyembamba za juu, mara nyingi juu ya kilohezi 5 hamna kitu cha maana, sasa programu ikianza kukwangua kelele inakwangua na s na sh za mtangazaji, kinachobaki ndo hiyo ndoo yako. Rudi kwenye faili za mwanzo, natumai hukuzifuta.

Kingine, unakata kwa kufuata maneno. Msikilizaji akisikia neno zima anakaa kusubiri habari, muziki hausikii tena. Pierre Schaeffer, mtu wa redio huko Ufaransa, mwaka 1948 alirekodi treni kwenye santuri, na akiufunga mfereji wa santuri ujizungukie wenyewe kipande kinajirudia weee mpaka unasahau kama ni treni, unabaki na mdundo. Na kabla yake, 1944, Halim El-Dabh wa Misri alishaazima mashine ya kurekodi kwenye waya kutoka kituo cha redio pale Cairo, akanasa ngoma ya wanawake ya kupunga pepo afu akaichezea sauti mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Huyu watu wanamsahau sana, sijui kwa nini.

Sasa jaribu hivi: tafuta pale mtangazaji anapovuta pumzi kabla hajasema, ni kama nusu sekunde tu. Ipunguze spidi kwa nusu, kwa njia ya kizamani ambayo sauti inashuka pamoja na spidi, usitumie ile ya kurefusha bila kugusa sauti. Itashuka oktavi moja, yaani noti ileile ila nzito zaidi, na urefu utakuwa sekunde 1. Ipunguze hivo mara mbili tena, una sekunde 4 za kitu kama upepo unaopita chini ya mlango, na hakuna atakayejua ni pumzi ya msoma habari. Mimi kipande kimoja cha hivo kilinikalisha usiku mzima.

Kuhusu mali, ndio, kukatakata hakufuti haki ya mwenyewe. Ukiwa chumbani kwako unajifunza sio kesi sana, ukitaka kuutoa hadharani omba ruhusa, na wakikunyima basi tumia miluzi ya katikati ya stesheni, ile haina mwenyewe.